Kifungo cha Bendera Nyekundu

Wiki tatu kabla ya mwanangu Ochola kwenda kupimwa na daktari wa marubani, nyumba yetu ya Kaloleni ilijaa karoti. Teresiah wa mlango wa pili alileta mfuko mzima kutoka soko la Muthurwa, akasimama pale sebuleni mpaka kijana alipotafuna mbili mbichi mbele yake. "Macho, Mama Ochola! Rubani ni macho!" Nilicheka naye, nikashukuru, nikaenda kuziosha. Moyoni nilikuwa nimekufa ganzi, maana nilijua jambo ambalo karoti za Kenya nzima zisingelitibu.

Nianze na mazuri, ni machache. Ochola ana miaka ishirini na mmoja. Shule moja ya urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson ilitangaza ufadhili wa vijana sita, mamia wakaomba, yeye akashika nafasi ya pili. Kilichobaki kilikuwa cheti cha afya cha daraja la kwanza, kifike kabla ya mwisho wa mwezi. Kisipofika, nafasi inakwenda kwa yule aliyekuwa wa saba. Tangu darasa la tatu mtoto huyu hajawahi kuniambia anataka kuwa kitu kingine. Ndege ikipita juu ya mabati yetu, yeye huitaja aina yake kwa mlio, bila kuinua kichwa.

Na alijitayarisha. Aliacha soda, akaacha chumvi ya kuongeza mezani, akaacha kahawa. Alfajiri alikimbia mpaka City Stadium na kurudi. Alikwenda zahanati akasafishwa masikio. Ukutani alibandika orodha: presha, moyo, damu, mkojo, masikio, macho. Karibu na neno macho aliandika "tayari", kwa sababu kwenye duka la miwani alisoma ubao mpaka mstari wa chini kabisa, herufi ndogo kama chawa.

Herufi anaziona. Rangi ndizo hazioni. Kijani, nyekundu na kahawia kwake ni ndugu wa tumbo moja, na alikuwa hajui.

Utaniuliza, mtu mzima anafikaje miaka ishirini na mmoja bila kujua jambo kama hilo? Anafika akifichwa. Aliyemficha ni mimi, na kazi hiyo nilifundishwa na mama yangu.

Baba yangu, Mzee Walter, alifanya kazi ya reli miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kupanga mabehewa katika yadi ya stesheni, na kazi hiyo ni ya bendera mbili. Ukipunga ya kijani, dereva anarudisha injini nyuma. Ukiinua nyekundu, anasimama. Na baba yangu, kwa macho yake yote mawili, hawezi kutambua ipi ni ipi. Alipopimwa macho akiandikwa kazi, karani mmoja rafiki yake alikuwa amemkaririsha namba za kile kitabu cha vidoti vya rangi cha kupimia macho, akazitaja zote kama mtu anayesema Baba Yetu. Mama naye akashona kifungo kwenye pembe ya bendera nyekundu, upande wa ndani. Baba alikigusa kwa kidole gumba na kujua ameshika nini. Usiku taa yake ilikuwa na swichi ya kusukuma, hiyo aliijua kwa mkono.

Mwaka wa themanini na sita, mchana wa mvua, kifungo kilidondoka. Nzuki, rafiki yake, alikuwa katikati ya mabehewa mawili akiyaunganisha. Baba aliinua bendera akidhani ni nyekundu. Injini ikarudi nyuma, na Nzuki akapoteza mguu wa kulia chini kidogo ya goti. Uchunguzi ukasema ni mvua. Baba akanyamaza, mama akanyamaza, na mimi niliyekuwa na miaka tisa nikaitwa jikoni kufundishwa kushona. Somo langu la kwanza maishani lilikuwa kifungo. "Rudia uzi mara sita," mama aliniambia, macho yamemvimba. "Shona kana kwamba kikidondoka kuna mtu atakufa." Siku hiyo alinieleza yote, kisha akaniapisha.

Nzuki bado yuko hai. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kila siku saa kumi huja na mkongojo wake kunywa chai na baba. Baba humtilia sukari yeye mwenyewe. Wanacheka, wanazozana juu ya siasa, na hakuna siku hata moja baba amemwambia.

Mimi niliolewa, mume wangu akafariki nikiwa na mimba ya miezi saba, ndiyo maana mtoto akaitwa Ochola, jina la aliyezaliwa baba hayupo. Shemeji mmoja akataka kunirithi kama jembe. Nikamwambia akatafute jembe dukani, nikarudi Kaloleni kwa baba na cherehani yangu. Mtoto alipofika miaka minne alinichorea nyumba yetu: kuta kijani, nyasi nyekundu. Nilijua papo hapo. Ulemavu huu una ujanja wake. Unatoka kwa mzee, unapita kwa binti bila kumgusa, unamkamata mjukuu.

Ningempeleka kwa daktari siku hiyo hiyo, leo nisingekuwa na hadithi. Badala yake nilichukua wembe nikachonga herufi kwenye kila kalamu ya rangi. K ya kijani, N ya nyekundu, U ya udongo, yaani kahawia. Nikamfundisha herufi kabla hajaenda nasari, na walimu wakanisifu kwamba mtoto wangu amejua kusoma mapema. Soksi nilizifunga mbilimbili. Roli zangu za uzi nilizibandika karatasi zenye majina ya rangi, nikazipanga kwenye rafu, nikamwambia wateja hupenda mpangilio. Nilitaka asichekwe. Nilitaka tu asichekwe, na kutokana na hilo nikamjengea dunia nzima yenye vifungo.

Aliyeibomoa ni baba yangu, Jumapili moja, siku kumi na tano kabla ya kupimwa. Tulikuwa tumetoka kanisani, tunakula. Ochola alikuwa akisoma orodha yake ukutani.

"Macho nimemaliza," akasema. "Imebaki tu mambo ya moyo, ile mashine ya waya."

Baba akaweka tonge chini. "Na kitabu cha vidoti?"

"Kitabu gani, Babu?"

"Cha namba ndani ya vidoti. Kumi na mbili, nane, sita, ishirini na tisa. Hicho ndicho hutuangusha sisi."

Nilimpiga teke chini ya meza. Akanitazama kwa macho yake ya uzee. "Nyara, binti yangu, mimi nimechoka," akasema. "Atakwenda kuaibika mbele ya watu."

Ochola alitoa simu akatafuta. Picha ya kwanza aliiona, ile kumi na mbili kila mtu huiona. Ya pili aliigeuza huku na huku. "Hii haina kitu," akasema.

"Ina nane," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

Aliangalia picha tano, sita, mpaka kumi, hakuona namba. Kisha akainuka akaenda kwenye rafu yangu ya nyuzi. Akachukua roli moja, akabandua karatasi taratibu kwa ukucha, akaishika ile roli iliyo uchi.

"Mathe," akasema, "hizi karatasi ni za nani?"

"Ni zangu za kazi."

"Wewe unaona. Wewe huhitaji karatasi." Akarudisha roli mahali pake. "Tangu lini?"

"Ukiwa na miaka minne."

"Na hukuniambia. Form two nikikuambia nataka kuwa pilot, hukuniambia. Nikijaza form, hukuniambia. Si ungeniambia tu, Mathe? Ningechagua kitu ingine!"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi nilikuwa nimeuchonga mwenyewe kwa wembe. Siku tatu hakunisemesha. Alikula, akaosha sahani yake, akalala. Siku ya nne alikuja akaketi kando ya cherehani, simu mkononi.

"Nifundishe," akasema.

Nikamfundisha. Ningekataaje? Kila jioni baada ya kazi nilimwonyesha picha na kumwambia namba iliyomo, naye akatafuta alama yake. Hakukariri mfuatano kama babu yake, alisema daktari anaweza kuanzia katikati. Alikariri vidoti vyenyewe. Picha yenye vidoti vitatu vikubwa ukingoni kushoto ni sabini na nne. Yenye kidoti kidogo peke yake juu ni arubaini na tano. Kufikia siku ya nane nilizichanganya nilivyotaka, nikazigeuza juu chini, naye akazitaja zote bila kukosa. Baba alipiga makofi. Mimi nilifurahi. Sitadanganya hapa, nilifurahi mpaka nikaimba nikipiga pasi.

Jumamosi majirani walikuja kumwombea, kama tunavyofanya hapa mtoto wa mtu akienda kufanya jambo kubwa. Teresiah alileta maandazi. Watu wakajaa, wengine wakasimama nje dirishani. Zamu ya kuomba ikafika kwa Nzuki. Aliegemeza mkongojo ukutani, akamwekea Ochola mkono kichwani, akawa amesimama kwa mguu mmoja, ameshikilia kichwa cha mwanangu asianguke.

"Mungu," akasema, "huyu ni mjukuu wangu pia. Mpe macho ya kuona hatari kabla haijafika. Mimi sijawahi kupanda ndege. Siku atakapoendesha, nitakuwa abiria wake wa kwanza, na sitaogopa, kwa sababu namjua, na nawajua watu wake."

Wote wakasema amina. Nilimtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, na machozi yakimdondoka kwenye suruali. Watu wakadhani ni furaha.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu. Ochola akiwa kidato cha pili aliwahi kunieleza taa za ndege, akiwa na furaha, mikono ameitandaza jikoni. Bawa la kushoto, Mathe, lina taa nyekundu. La kulia, kijani. Ukiona ndege gizani, hizo taa mbili ndizo zinakuambia kama inakuja kwako ama inakwenda. Nilikuwa nikikata mboga za sukuma wiki, nikamwambia vizuri sana, nikaendelea kukata. Sasa, katikati ya amina za majirani, nilimwona mwanangu gizani, nyuma yake watu mia moja wamefunga mikanda, na hakuna mtu wa kumshonea kifungo.

Jumatatu tulikwenda pamoja. Kabla ya kutoka nilichukua roli mbili za uzi, ya kijani na ya kahawia, nikazibandua karatasi, nikazitia kwenye mkoba. Nilijiambia ni mazoea tu, fundi hatembei bila uzi. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho, na niliusema peke yangu.

Daktari aliitwa Shamis, mama wa makamo mwenye hijabu ya buluu na sauti ya upole. Nilikaa nje saa mbili nzima. Ochola alikuwa akiingia na kutoka: mkojo, damu, kibanda cha masikio, mashine ya waya. Alipotoka kwenye chumba cha macho aliniinulia kidole gumba, uso wote umewaka. Sijamwona akiwa na uso ule tangu hapo.

Kisha daktari akafungua mlango. "Mama, ingia kidogo. Kuna maswali ya ukoo na kijana anasema majibu unayo wewe."

Niliingia nikaketi kando ya mwanangu. Fomu ilikuwa mezani, kalamu juu yake.

"Kifafa?"

"Hapana."

"Sukari? Ugonjwa wa moyo? Ugonjwa wa akili?"

"Hapana, hapana, hapana."

"Basi mama, hongera. Huyu ni mzima kila mahali." Akachukua kalamu. "Kuna kitu chochote katika ukoo ambacho fomu haikuuliza?"

Lilikuwa swali la kumalizia tu, hata hakuwa akinitazama. Ningesema hapana moja zaidi, tungekuwa barabarani tunacheka. Mkono wangu uliingia kwenye mkoba. Niliweka zile roli mbili mezani, juu ya fomu.

"Ochola," nikasema, "nipe uzi wa kijani."

Daktari alituliza kalamu. Ochola aliziangalia roli zile. Akazigeuza, akatafuta karatasi, hakuna. Akanitazama. Nilidhani atapiga kelele, na nilitamani apige. Alizichukua zote mbili akaziweka kwenye kiganja changu, akavifunga vidole vyangu juu yake.

"Chagua wewe, Mathe," akasema kwa sauti ya chini. "Si wewe ndio huwa unanichagulia?"

Nililia mbele ya mgeni. Nikamweleza daktari yote, kitabu cha vidoti, baba yangu, bendera. Mambo ya Nzuki sikuyataja, hayo hayakuwa yangu ya kumpa mtu nisiyemjua. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, mama anayemvunja mwanawe. Kisha akafunga mapazia, akamwonyesha Ochola taa ndogo ukutani, nyekundu, kijani, nyeupe, moja baada ya nyingine. Kati ya tisa alipata nne. Daktari akaandika kwa muda mrefu.

"Anaweza kupata cheti kidogo," akasema. "Ndege ndogo, mchana tu, bila abiria wa kulipa. Daraja la kwanza siwezi kutia sahihi. Pole, mwanangu."

Tulirudi kwa miguu kutoka kwa daktari, kule Upper Hill, hakutaka gari. Tulifika Bunyala Road kabla hajafungua mdomo.

"Nilikuwa nimepita."

"Najua."

"Hata yeye hangejua."

"Najua, Ochola." Nikasimama pale kando ya barabara, malori yakipita, nikamwambia habari ya mwaka wa themanini na sita. Kifungo, mvua, mguu. Nilikuwa nimekitunza kiapo cha mama kwa karibu miaka arubaini. Alisikiliza akitazama chini.

"Na Nzuki anajua?"

"Hajui."

Akacheka, kicheko kibaya. "Kwa hivyo Babu amekula kazi yake mpaka pension, anakunywa chai na yeye kila siku. Halafu mimi ndio nalipa."

Hakuna mahali nilipoweza kulishika neno hilo nikalirekebisha. Lilikuwa kweli.

Tulifika nyumbani saa kumi kasoro. Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, shati la kanisani, tayari kwa habari njema. "Amepita?"

"Alipita," nikasema. "Nikamwangusha."

Kabla hajauliza, Ochola alisimama mbele yake. Hakupandisha sauti. "Babu, leo Nzuki akikuja umwambie. Ama nimwambie mimi." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Nilisikia karatasi ikichanwa ukutani, nikajua ni ile orodha.

Baba alitazama mikono yake, hasa kidole gumba cha kulia, akakisugua na kile cha pili. Alionekana mzee kuliko asubuhi. Nilitaka kumwambia aache, amebakisha siku ngapi, kwa nini afe bila rafiki. Sikusema. Nilikuwa nimemaliza kuwafichia wanaume wa nyumba hii.

Mkongojo ukasikika kwenye mawe ya njia. "Rubani wangu yuko wapi?" Nzuki alikuwa akiita tangu mbali. "Nimekuja kukata tikiti! Mguu mmoja ni nusu nauli!"

Siku nyingine baba angemrudishia mzaha. Aliinuka kwenye kiti, akamshika Nzuki mkono, akamketisha pale alipokuwa ameketi yeye. Mwenyewe akabaki amesimama.

"Nzuki," akasema, "kabla ya chai nina neno lako. Ni la siku ile ya mvua."

Nilikimbilia jikoni. Nilisikia mkongojo ukiwekwa chini, kisha sauti ya baba, ndogo, ikiendelea na kuendelea bila mtu kuikatiza. Nilisikia mlango wa Ochola ukifunguliwa. Maji yakachemka. Nilitoa vikombe vinne kama kawaida, nikasimama navyo, nikingoja Nzuki aseme neno, na Nzuki alikuwa bado amenyamaza.